Kadi Yangu, Bega la Pacha Wangu

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nikishuka ngazi za ndege, goti la kushoto likilia kama bawaba kavu, mkoba nimeukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Aliyekosa ya nyuma nitamfupishia, maana sipendi mtu aingie hadithini kama aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.

Mimi ni dobi. Miaka thelathini na moja nimefua na kunyoosha mashuka ya hospitali, mpaka wakanipachika jina la Bi Magadi, likashika kuliko alilonipa baba. Nina pacha wangu, aliyenifuata duniani kwa robo saa. Yeye tunamwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake. Na nina binti mmoja tu, yuko nchi ya watu, mwaka wa tisa huu.

Mimba ya kwanza ya binti yangu iliharibika. Aliamka hospitali peke yake, akarudi nyumbani na mfuko wa nguo za mtoto zilizokunjwa vile vile. Hii ya pili, madaktari walipanga kumpasua siku ya Alhamisi. Mkwe wangu ni dereva wa malori, naye alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka uliofungwa kwa ajili ya maradhi.

Binti akanipigia simu. "Mama, safari hii sitaki kuamka nikute kiti kitupu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipandisha ndege uzeeni. Nilifika Jumatatu, saa sita mchana.

Na mzigo niliokuwa nao mnaujua. Kadi yangu ya chanjo inasema nimechanjwa mara mbili. Bega langu halijawahi kuguswa na sindano hiyo hata mara moja.

Chanzo ni mimi. Dobi yeyote, hata aliyeanza kazi jana, anajua amri ya kwanza: pekua mfuko kabla ya maji. Mimi nimetoa mifukoni mikasi, meno ya bandia, na barua za mapenzi za daktari mmoja ambaye mkewe alikuwa anafanya kazi chumba cha pili. Sijakosea miaka yote hiyo. Nimestaafu, nimekaa nyumbani, ndipo nikaloweka gauni la Chiriku na kitambulisho chake kikiwa mfukoni. Kilikuwa kile cha zamani, cha karatasi ndani ya nailoni. Kilipotoka kwenye maji ya magadi, uso wa Chiriku ulikuwa mweupe kama yai lililomenywa.

Ofisi za vitambulisho zilikuwa zimefungwa. Chanjo ikaja. Bila kitambulisho huchanjwi.

"Umenifulia uhai wangu," Chiriku akaniambia, na kulia akalia kweli.

Nikampa changu. Sura moja, nani atajua?

Sasa niseme lile nililowaficha sehemu zote tano. Sikumpa kwa huruma tu. Ile sindano nilikuwa naiogopa. Jirani kasema hivi, redio imesema vile, nami nikajisemea, wacha wenzangu watangulie. Chiriku alipoichukua zamu yangu, mdomoni nilimwambia pole na bega, lakini moyoni nilishukuru.

Binti aliponiita, woga ukaisha kama mvuke. Nikaenda zahanati mwenyewe, mkono wa gauni nimeukunja tangu nyumbani. Muuguzi akabofya kompyuta yake.

"Bibi, wewe umeshachanjwa mara mbili."

"Nichanje tena."

"Dawa haitoshi hata kwa wa mara ya kwanza, nawe unataka kuongezewa kama mchuzi? Nenda kapumzike, bibi."

Ningesema ukweli, Chiriku angeingia matatani. Nikarudi nyumbani na kadi safi, bega safi. Chiriku akatoa shauri, "Basi kachanjwe kwa jina langu."

"Kwa kitambulisho kipi? Hicho nilichokifua?"

Hapo ndipo tulipofika. Sasa ingieni nami kwenye ule ukumbi wa uwanja wa ndege.

Ulinuka klorini. Wenzangu walikuwa wanakunja pua, mimi nikahisi nimerudi kazini. Sakafuni wamechora nyayo za rangi ya njano, kila mtu akae juu ya zake. Viti vimefungwa utepe kimoja baada ya kimoja. Mwisho wa ukumbi kuna ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo ndiko wanakosimama wapokeaji.

Nikamwona. Gauni la kijani, tumbo mbele kama ngoma. Simu yangu ikalia mkobani.

"Mama! Nakuona! Mbona umekonda hivyo?"

"Ni barakoa. Inakondesha."

"Mama, wewe! Haya, umalize haraka. Nimekutandikia kitanda chako."

"Shuka umelinyoosha?"

"Nimelinyoosha pande zote mbili. Nakujua."

Akacheka, akajishika kiuno. Nikakata simu, maana foleni ilisogea, na ukutani mbele yangu kulikuwa na tangazo ambalo nilikuwa naliepa kulisoma. Shule yangu ilikuwa ya msingi tu, lakini herufi zile zilikuwa kubwa, hata asiyetaka zilimwingia.

Msafiri aliyechanjwa, apite. Msafiri aliyezidi miaka sitini na hajachanjwa, akae karantini siku kumi na nne. Msafiri atakayetoa maelezo ya uongo, arudishwe kwa ndege iliyomleta.

Nikahesabu kwa vidole ndani ya mkoba. Siku kumi na nne zinairuka Alhamisi kama panzi. Na ndege iliyonileta ilikuwa nje pale, inajazwa mafuta.

Dirisha la kwanza alikaa mwanamume mmoja mwenye miwani, kola ya shati lake imenyooshwa upande mmoja tu. Akaitazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akaniambia niweke vidole juu ya kioo cha mashine.

Nikaweka. Mashine ikalia kwa hasira.

"Futa mikono, bibi."

Nikafuta. Ikalia tena. Akaja mwenyewe na kitambaa, akanifuta kidole kimoja kimoja kama mtoto. Mashine ikakataa.

"Bibi, vidole vyako havina alama! Umefanya nini wewe, ulikuwa mwizi?"

"Dobi. Magadi na pasi ya mvuke, miaka thelathini na moja."

Akacheka. "Basi ungeiba, usingekamatwa."

"Ningeiba nini, mashuka?"

Akagonga muhuri, kisha akaandika kwenye karatasi, *vidole havisomeki*. Nami nikacheka naye. Sikujua kwamba hicho kicheko nitakuja kukilipia kabla chozi lake halijakauka.

Dirisha la pili lilikuwa la afya. Hapa alikaa mwanamke mnene mwenye ngao ya plastiki usoni, imefunikwa na mvuke mpaka macho hayaonekani vizuri. Nikampa cheti cha kipimo cha puani, kilikuwa safi na cha kweli. Nikampa kadi.

Akamulika kile kimraba chenye vidoadoa kwa mashine yake. Ikalia vizuri, sauti ya kengele ya baiskeli. Moyo wangu ukakaa chini.

Kisha akakunja uso. Akamulika tena.

"Bibi, leo umeamkia wapi?"

"Kitini. Ndani ya ndege."

"Saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mawinguni, mwanangu. Walikuwa wanagawa chai."

"Una hakika?"

"Chai yenyewe ilikuwa ya moto, nimeunguza ulimi."

Akageuza kompyuta niione. Kidole chake chenye glavu kikagonga mstari wa chini. "Hapa panasema leo, saa tatu na dakika kumi, umechanjwa dozi ya tatu. Zahanati ya kwenu. Bega la kushoto."

Wanangu, nilihisi lile bega likiwaka kana kwamba kweli nimechomwa.

Chiriku! Kitambulisho nilimwachia yeye, maana huku nilikuja na pasipoti. Na kwenye ile kadi, chini kabisa, muuguzi alikuwa ameandika kwa penseli tarehe ya kurudi. Miezi yote nimeibeba kadi hiyo, nimeitia kwenye bahasha, bahasha nimeitia kwenye khanga, sijawahi kuitazama penseli. Tiketi yangu ya kwanza ilikuwa ya Jumamosi. Ndege ikaahirishwa siku mbili. Ningekuja Jumamosi, ningekuwa nimeshapita zamani. Lakini Chiriku anaweza kusahau kuzima jiko, tarehe ya kliniki haisahau hata kwa dawa.

"Mashine imekosea," nikasema.

"Mashine imeandika na jina la muuguzi, bibi. Nani amechanjwa leo?"

Nyuma yangu mtu akakohoa, foleni yote ikageuka kumtazama, kisha wakanigeukia mimi.

"Msimamizi!" yule mnene akaita.

Msimamizi alikuwa mwanamke mrefu, nywele amezikata fupi, hatembei haraka wala polepole. Akanipeleka pembeni, kwenye meza moja na viti viwili. Akakaa. Akaweka pasipoti yangu, kadi na kalamu, vyote vimenyooka kama vijiko mezani.

"Nieleze, mama."

Nilikuwa na uongo wa aina tatu mkobani. Tulikuwa tumeutunga na Chiriku jikoni siku nzima, huku tukichambua mchele. Lakini nilikuwa nimechoka. Sikuchoka kwa safari. Nilichoka kama shuka linavyochoka, unaliinua tu juani unaona upande wa pili.

"Hayo mabega si yangu," nikasema. "Yote matatu."

Nikamweleza. Gauni, mfuko, magadi, uso uliogeuka yai. Nikamweleza na ule woga wangu, ambao sikuwa nimemwambia hata Chiriku. Akasikiliza bila kuandika. Mwisho akauliza neno moja tu.

"Huyo binti yako anajifungua lini?"

"Alhamisi. Wanampasua."

"Hospitali gani?"

Nikamtajia. Akagusa kalamu, akaiacha.

"Sikiliza, mama. Karantini yetu ya wazee ipo hospitali hiyo hiyo. Ghorofa moja na wodi ya wazazi, kioo kwa kioo. Huwezi kumshika, huwezi kumshika mtoto kwa siku kumi na nne. Lakini akizinduka, akigeuza kichwa, atakuona umekaa."

Mimi si mtu wa kulia hovyo. Nilifua mashuka ya wafu bila kulia. Pale nililia, barakoa ikaloa, ikaningang'ania puani.

"Nashukuru, mwanangu. Nashukuru."

"Usishukuru bado. Ulikuja dirishani na kadi ya uongo. Sheria inaniambia nikurudishe. Naweza kuandika kwamba umesema mwenyewe kabla ya kuingia, lakini nahitaji ushahidi. Maneno yako peke yake hayatoshi. Huyo pacha ana simu?"

"Anayo. Kuizima ndiyo hajui."

"Nitampigia mimi, kwa simu ya ofisi. Nitaweka sauti ya wote. Wewe usitie neno. Ukimfundisha cha kusema, nimekata na kazi imekwisha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Akapiga. Ikaita mara moja tu. Chiriku haachi simu ikaita mara mbili, akiogopa umbea utampita.

"Haloo!"

"Habari za mchana, mama. Napiga kutoka idara ya afya, kuhusu chanjo ya leo asubuhi."

Hapo hapo nikajua nimekwisha.

Maana wauguzi wa zahanati yetu wana kawaida hiyo. Wakishakuchoma, mchana wanakupigia kukuuliza hali. Na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, ndiye niliyemfundisha Chiriku: wakipiga, wewe ni mimi. Usibabaike, sema jina langu, sema namba yangu, sema mambo yangu.

"Ndiyo, mwanangu! Salama kabisa!" Chiriku akasema, sauti tamu kama ya bibi harusi. "Bega linavuta kidogo tu, kama nililalia jiwe."

"Naongea na nani?"

Akalitaja jina langu. Langu, la baba na la babu. Akaongeza, "Lakini hapa mtaani niulize Bi Magadi tu, nilifanya kazi hospitali, udobi, miaka thelathini na moja."

Nikaufumbata mdomo kwa mikono yote miwili. Msimamizi alikuwa ananitazama, hapepesi.

"Kitambulisho unacho?"

"Nimekishika hapa." Akasoma namba yote, tarakimu moja moja, hakukosea hata moja. Shuleni alikuwa wa mwisho darasani kwa hesabu!

"Mama, una pacha?"

Nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Ninaye," Chiriku akasema polepole. "Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Amesafiri, mwanangu. Amekwenda kumwangalia binti yangu, anajifungua wiki hii."

"Binti yako wewe?"

"Binti yangu mimi. Nimemzaa mwenyewe, sijamwazima."

"CHIRIKU!" Sikuweza tena. "Chiriku wee, ni mimi! Sema ukweli, si wauguzi hao!"

Msimamizi akakata simu. Kidole chake kikabaki juu ya kitufe.

"Nilikuambia usiseme."

"Anadhani ni zahanati! Nilimfundisha mwenyewe! Mpigie tena, tafadhali."

"Nimpigie baada ya wewe kupiga kelele? Sasa atasema lolote utakalo." Akaichukua pasipoti, akaitazama picha, akanitazama. Na picha ile, wanangu, ilikuwa na mashavu. Ilipigwa kabla ya mwaka huu wa taabu. Mashavu yale sasa yako nyumbani kwa Chiriku. "Mama, huko kwenu kuna mtu ana kitambulisho chako, ana jina lako, kazi yako na binti yako. Na amechanjwa leo. Kama yeye ndiye mwenye pasipoti hii, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mimi!"

"Alama za vidole zitatuambia."

Yule mwenye miwani alikuwa amesogea kusikiliza. Akajikuna kola yake.

"Huyu ndiye asiye na vidole, bosi," akasema. "Nimeandika pale."

Safari hii hakucheka mtu.

Nikageuka kwenye kioo. Binti yangu alikuwa bado amesimama, mkono kiunoni, anachungulia kwa nini mama yake anawekwa pembeni.

"Yule pale," nikasema. "Muulizeni yule. Mtoto hamsahau aliyemzaa."

Msimamizi akafikiri. Akamwambia mwenye miwani, "Mlete karibu na kioo, penye simu ya ukutani. Usimwambie neno."

Mwenye miwani akatoka kwa mlango wa pembeni. Nilimwona akifika kwa binti yangu. Nilimwona binti akimshika mkono wa shati, akiuliza, akiomba. Na yule mwanamume, pengine kwa wema, pengine ana mama naye, akaanza kueleza. Sikusikia kitu, lakini mikono yake niliisoma kama tangazo. Akaonyesha bega. Akanionyesha mimi, akatikisa kichwa, hapana. Akainua vidole viwili pamoja, pacha. Akaonyesha bega tena, akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Binti yangu akasikiliza yote. Kisha akajishika ndewe ya sikio.

Tangu ana miaka minne, akivunja kikombe, akila sukari, kabla hajanidanganya hujishika ndewe ya sikio.

"Usifanye hivyo," nikasema, kama vile ananisikia. "Mama, usifanye hivyo."

Akasogea kwenye kioo. Akashika simu ya ukutani. Msimamizi akashika ya upande wetu, akaigeuza nami nisikie.

"Samahani kwa usumbufu. Huyu mama unamfahamu?"

"Namfahamu." Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Ni nani wako?"

Binti yangu akanitazama. Tumbo lake liligusa kioo. Alikuwa karibu nami kuliko miaka yote tisa, ningenyoosha mkono ningemfuta lile jasho juu ya mdomo. Nikatikisa kichwa, hapana, hapana. Akatabasamu, lile tabasamu la kunituliza, kwamba niache, amelishika.

"Huyu ni mama mdogo," akasema. "Pacha wa mama yangu. Ndiye aliyechanjwa, dada. Amechanjwa zote, mruhusuni apite." Akapandisha sauti. "Shikamoo, mama mdogo!"

Ananiokoa. Kwa akili yake, aliyechanjwa ndiye anayepita, basi amenifanya aliyechanjwa.

Msimamizi akarudisha simu ukutani taratibu. Akaifunga pasipoti yangu, akaiweka upande wake wa meza.

"Amedanganya," nikasema. "Amedanganya kwa kunipenda. Wote wawili."

"Sasa mmekuwa watatu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekuwa amekuandalia kiti, akarudi akakikuta kimevunjika. Akavuta fomu nyingine, nyekundu pembeni, akafungua kalamu. "Ndege inaondoka baada ya saa moja na nusu. Mwenye kusafiri kwa pasipoti ya mtu haendi karantini. Jina lako, mama. Safari hii liwe moja, na nitalipimaje, hata mimi sijui."

Nikafungua mdomo. Jina langu lilikuwa pale pale kwenye ulimi niliounguza asubuhi. Lakini macho yangu hayakuwa kwake.

Nimeshika nguo mbichi maisha yangu yote. Naijua nguo iliyolowa hata ikiwa ng'ambo ya uwanja, inavyobadili rangi, inavyoshuka kwa uzito. Nyuma ya kioo, binti yangu alikuwa amelishika pindo la gauni lake la kijani, analitazama kwa mshangao, na gauni lilikuwa linageuka jeusi kwa maji, kuanzia katikati kwenda chini.

"Jina, mama," msimamizi akasema, kalamu juu ya karatasi.

Ilikuwa Jumatatu.